Ramani Niliyochora Bila Kumuuliza Mama Mkwe

Kuna siku moja ya kiangazi haijanitoka moyoni, mwanangu, na kwa kuwa kesho unakwenda na wenzako kuchora ramani ya faida za msitu wa maji, afadhali uisikie leo. Utachoka kunisikiliza, lakini kaa.

Mimi ni mtoto wa karani wa reli. Baba alitoka Kasai, mimi nikazaliwa hapa Kindu na kuoa hapa hapa. Nilijua kuandika vizuri, na ujuzi huo ulinivimbisha kichwa. Tajiri mmoja wa mbao alitaka kujua ule msitu unaosimama majini kando ya mto Lualaba, nyuma ya mashamba ya mtaa wa Mikelenge, una nini na unatumiwa na nani. Akanipa kazi ya kuuchora.

Nikauliza wanaume. Wakaniambia pale hakuna kitu, ni matope na mbu tu. Hawakunidanganya. Kuziba vijito, kukumba maji kwa beseni na kuokota samaki ilikuwa kazi ya wanawake, na mwanaume hakanyagi huko wakiwa kazini. Kila kidimbwi kilikuwa na mwenyewe, binti akikirithi kwa mama yake. Nilikula samaki hao kila kiangazi, mwanangu, na sikuwahi kujiuliza wanatoka wapi.

Aliyejua yote alikuwa mama mkwe wangu, Mama Zaina. Lakini mtu haketi na mama mkwe akamhoji. Humwonea haya, humpisha njiani, na maneno hupitia kwa mke. Ningeweza kumtuma mke wangu. Sikumtuma. Nilijiambia ni heshima, kumbe kilikuwa kiburi. Wazee walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona mwenye kalamu hamuulizi mwenye beseni.

Ramani ilipokwisha niliitandaza mezani. Mama Zaina akaitazama akiwa mlangoni, akamwambia binti yake, huku mimi nasikia:

"Muulize bwana yako, maji yangu iko wapi mu hii karatasi? Na fasi tulijificha na watoto wakati wa vita ya zamani, aliiandika wapi?"

Nikacheka. Nikamwambia mke wangu kwamba tajiri anasubiri, na karatasi safi haichafuliwi. Mahali pote pale nilikuwa nimeandika neno moja: tupu.

Tajiri akasoma neno hilo, na miti ikakatwa. Vidimbwi vikajaa udongo, samaki wakahama. Mdharau mwiba mguu huota tende, na wetu haukuchelewa kuvimba. Vita ikaja tena. Asubuhi moja wenye bunduki waliingia mtaani, nasi tukakimbilia kule walikojificha wazee, Mama Zaina mbele, kwa kuwa ni yeye aliyejua pa kukanyaga. Zamani mizizi na majani vingetufunika. Sasa tulipita katikati ya visiki, tunaonekana tangu mtoni. Wenzao waliokuwa kwenye mtumbwi wakapiga risasi. Mama Zaina akaanguka ndani ya maji yake mwenyewe.

Nilisimama na watoto mgongoni na mkononi, sijui niende wapi. Akainua uso, akasema nami ana kwa ana, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake.

"Mukwe, pita kuume. Kule njo udongo iko nguvu."

Nikapita kuume, udongo ukanibeba. Watoto wangu wako hai. Yeye tulimwacha pale, na tuliporudi baada ya siku nyingi hatukupata cha kuzika. Mke wangu hajanilaumu kwa mdomo mpaka leo, na ningependa anilaumu. Majuto ni mjukuu, nami huyu wangu nimezeeka naye.

Basi kesho, mwanangu, usianze na wanaume waliokaa barazani. Mngojee anayerudi na matope miguuni. Muulize anavua wapi, anachuma dawa gani, na vita ikija atawapeleka watoto wake wapi. Haya ikikuzuia, mtume dada yako, na usubiri jibu. Pale usipojua, andika kwamba hujauliza. Usithubutu kuandika tupu, maana mwenye shoka akisoma neno hilo hatauliza mara ya pili.

Nenda salama. Mungu akulinde na maji na akulinde na watu, akufungue masikio kabla hujafungua kalamu.