Mbwa Aliyeitwa Mutachoka

Harufu ya gunia la maharagwe lililolowa mvua bado hunirudia. Ndani ya gunia kama hilo ndimo alimofika mbwa wangu. Baba alikuwa dereva wa lori la mizigo kati ya Butembo na Goma, na siku hiyo aliteremka mbele ya nyumba yetu ya mbao, mtaa wa Mapendo mjini Goma, akiwa amebeba gunia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Alilifungua juu ya mawe meusi ya uani, akatoka mbwa mdogo wa rangi ya udongo, masikio yamelala, anatetemeka. Nilikuwa msichana wa miaka saba. Nilikuwa nimeomba mbwa tangu sijui lini, na kila mara mama alinijibu kwamba mbwa ni tumbo jingine, kwamba sisi wenyewe tunakinga maji ya mvua kwenye bati ili tunywe, na kwamba mbwa wa mtu asiye na lango ni mbwa wa kila mtu. Kisha ghafla, bila mimi kuomba tena, akamwambia baba amlete. Niliamini amenihurumia. Mtoto huamini upesi kwamba anapendwa, nami nilikuwa mwepesi kuliko wengi. "Imbwa ni ya weye," mama aliniambia, "lakini jina nitamupa miye." Akamwita Mutachoka.

Kwetu sisi tuliotoka milimani, jina la mbwa halikuwa mchezo. Mtu akikosana na jirani hakumwendea mlangoni kupayuka. Alifuga mbwa, akampa jina lenye maneno aliyotaka jirani ayasikie, kisha akamwita asubuhi na jioni kwa sauti ya kutosha. Nani atakushtaki kwa kumwita mbwa wako? Mtaani mwetu alikuwako mbwa aliyeitwa Wivu, na mwingine Mungu-Anaona, mkali huyo, aliyekimbiza wapita njia wote bila kujali imani zao. Watu wazima walijua kila jina lilielekea mlango gani. Sisi watoto tuliyachukua kuwa majina tu, tukayapigia kelele njia nzima.

Mlango ulioelekewa na jina la mbwa wangu ulikuwa wa Mama Masika. Kati ya nyumba yake na yetu kulikuwa na ukuta wa mawe ya volkano uliofika kifuani mwangu, nami nilikuwa nimeuruka mara nyingi hata magoti yangu yalikuwa na makovu yake. Mama alipokwenda kuuza unga kule sokoni Birere, Mama Masika ndiye aliyenilisha. Sombe yake, kisamvu cha kwetu, ilikuwa na mawese mengi, na alinipakulia mimi na bintiye Masika sahani moja, akasimama karibu kuona kama tunagawana sawa. Ndani ya nyumba hiyo alikuwa akimuuguza mama yake mzazi, kikongwe ambaye hakuinuka tena kitandani. Lakini mtu alimletea mama yangu maneno. Ati baada ya sala ya shirika, ile jumuiya yetu ya parokia, Mama Masika alisema kwamba baba ana mke mwingine Butembo na mama anamfulia mume wa nyumba mbili. Mpaka leo sijui kama aliyasema. Mama hakwenda kumwuliza. Aliagiza mbwa.

Basi nikaita. Asubuhi nilisimama juu ya ukuta ule ule na kuita, "Mutachoka! Mutachoka!" mpaka mbwa atokee mbio, mkia unazunguka, na jioni nikaita tena, na kila nilipoita mama aliacha kazi yake akatabasamu. Nilifikiri anafurahia mapafu yangu. Sombe ilikoma. Mama Masika alipokutana nami kwenye foleni ya maji aliangalia kidumu chake. Mwishowe Masika mwenyewe akanieleza, tukiwa tumeketi nyuma ya shule, bila hasira, kwa kuwa hata yeye alikuwa ameambiwa tu. "Mama alikataza nicheze na weye," alisema. "Ati kila siku unatutukana na imbwa yako. Ati tuseme mupaka tuchoke."

Nilikwenda nyumbani uso unawaka. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Nilipomwuliza, hakuinua macho. "Miye niliita imbwa yangu," akasema. "Mutu akijisikia, ni shauri yake." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mbwa hakuwa zawadi. Nilikuwa nimetafutiwa kazi ya kutukana, na nimeifanya vizuri, kwa furaha, na kwa mdomo ambao Mama Masika alikuwa ameulisha. Wazee husema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Lakini nyasi hazipewi kazi ya kupeleka pembe. Niliona aibu ambayo sikuwa na pa kuiweka, maana sikuwa nimekosa na hata hivyo nilikuwa nimefanya. Nilijaribu kumpa mbwa jina jingine. Nilimwita Papi, nilimwita Simba, nilimpigia mluzi. Alinitazama kwa heshima na kuendelea kulala. Mbwa huwa na jina moja.

Yule kikongwe akafariki. Matanga yalijaa uani kwa Mama Masika, wanawake wamekaa juu ya mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima, wimbo wa kanisa unapanda na kushuka taratibu. Mama yangu alibaki ndani kwetu, mlango umefungwa. Mbwa akasikia harufu ya sufuria, akaruka ukuta. Nilimfuata mpaka kwenye pengo la kuingilia, nikamwona akipita kati ya miguu ya waombolezaji, pua kwenye sahani zao. Nilipiga mluzi mdogo. Niligonga ulimi. Wimbo ukaisha, na katika kimya hicho mbwa akapenya kuelekea mlango wa chumba alimolazwa marehemu. Mzee mmoja akaniuliza, "Ni imbwa ya weye? Si umuite!" Watu wakageuka. Nikaita, kwa sauti ndogo kabisa, "Mutachoka." Hakusikia. Ilibidi niite tena kwa nguvu, ndani ya nyumba ya msiba, neno lile ambalo kikongwe yule alikuwa amelisikia kutoka kitandani kila asubuhi mpaka akafa.

Mama Masika alikuwa ameketi mlangoni, kitambaa kimemshuka mabegani. Alimshika mbwa shingoni, polepole, akaniletea mwenyewe. "Muite, mama," akaniambia. "Ni kweli. Tulishachoka." Hakusema kwa kejeli. Afadhali angenipiga kofi.

Baba aliporudi alisikia yote. Alimtia mbwa ndani ya gunia, akampeleka Lubero kwa binamu yake. Nililia, na huku nikilia nilijua kwamba nimepata nafuu, na hilo nalo lilinitia aibu. Mama hakuruka ukuta ule kuomba radhi. Mama Masika alihama baadaye bila kuaga.

Sasa ninaishi Ndosho, upande mwingine wa Goma, na mwanangu wa miaka sita anataka mbwa. Wiki nzima mume wangu amepima jambo hili kama mtu mwenye akili: chakula, chanjo ya kichaa, ua wetu wenye mapengo. Siku hizi watu huita mbwa wao Reksi na Bobi, na majina hayo hayamgusi mtu. Mimi nilikuwa nikiitikia kwa kichwa tu. Jirani yetu humwaga taka zake ukutani kwetu, na amesema mambo kuhusu ndoa yangu, na mume wangu alipokuwa akitaja bei ya chanjo, jina lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Mumezidi. Jina zuri, linaitika vizuri. Maji hufuata mkondo, nami nilikuwa nimekwisha kupima sauti yangu kutoka mlangoni hadi kwake.

Jana jioni tukamkubalia mtoto. Alikuja mbio jikoni akimvuta mkono rafiki yake, binti wa jirani huyo huyo, wote wawili wanahema. "Mama," akauliza, "imbwa yetu itaitwa nani?" Yule binti alinitazama akingoja kulisikia, ili naye aende akaliite.

"Mutamupa jina nyinyi wawili," nikasema, kisha nikainamia maharagwe yangu, wasinione uso.