Gari Lililobaki Uani

Mume wangu alipopatwa na kiharusi, gari lake lilibaki uani pale pale alipoliegesha, na mimi sijui kuendesha. Alikuwa afisa kilimo mstaafu, Muha wa huku huku. Mimi nilikuja Kigoma kwa kupangiwa kazi ya ualimu, nikaolewa, nikabaki. Gari hilo ndilo lililompeleka kijijini Simbo hata baada ya kustaafu, kwa kuwa wakulima wa kule hawakuacha kumwita. Sasa alilala chumba cha mbele, mkono na mguu wa kulia haifanyi kazi, maneno yakimtoka moja moja. Tulikisogeza kitanda dirishani. Kutoka pale aliliona gari, na ndani yake taa ndogo nyekundu ya alamu ikiwaka na kuzima.

Asubuhi nilimgeuza, nikamwosha, nikamlisha uji, nikamwacha na mdogo wangu wa kike, nikaenda kufundisha, nikarudi kumgeuza tena. Nilichoka kiasi kwamba nilikuwa nasahihisha daftari moja mara mbili bila kujua.

Mwezi wa pili alamu ikaanza kulia yenyewe. Nikibonyeza rimoti inanyamaza, baada ya saa moja inaanza tena. Nikamwita fundi wa umeme wa magari kutoka Mwanga, mtu mzima, mpole.

"Mwalimu, gari likikaa, betri inashuka," alisema. "Na alamu yenyewe inaila kidogo kidogo, maana haipumziki. Nguvu ikipungua sana, inadhani kuna mtu anaichokonoa. Ndiyo maana inapiga kelele."

"Sasa nifanyeje?"

"Ama liendeshwe kila wiki, tena safari ya kueleweka, siyo kuwasha na kuzima. Ama tuchomoe waya huu wa hasi, likae kimya."

Nikamwambia achomoe. Mume wangu akagonga kioo cha dirisha kwa mkono wa kushoto. Nilipoingia ndani akasema, "Hapana." Akatafuta neno lingine muda mrefu. "Nitaendesha."

Sikubisha. Sikuwa na nguvu ya kubishana na yeyote. Fundi akaichaji betri, akanionyesha nati ya waya ule, akaniachia spana namba kumi, akaenda zake.

Wiki chache baadaye, bibi wa nyumba ya jirani akafariki. Ndiye aliyekuwa akimletea mume wangu supu ya migebuka, samaki wa ziwani, na kukaa naye akizungumza Kiha, na kwa Kiha mume wangu alijibu vizuri zaidi kuliko alivyonijibu mimi kwa Kiswahili. Mazishi yalikuwa alasiri. Maiti imeshatolewa nje, wanaume wamesimama, dua inasomwa, alamu ikalia.

Nilitoka mbio katikati ya wanawake wenzangu. Nikabonyeza rimoti, alamu haikunyamaza. Nayo ilikuwa imekufa. Nikafungua boneti, nikashika spana, nati ikagoma. Nyuma yangu nilisikia dua imesimama. Kisha mtu akaichukua spana mkononi mwangu. Alikuwa mtoto wa marehemu, dereva wa lori. Akaizungusha nati, akauchomoa waya. Kelele zikakatika.

"Pole, Mwalimu," akasema, akarudi kumbeba mama yake.

Aliyestahili pole alikuwa yeye. Niliingia ndani nimejaa aibu, nikamkuta mume wangu analia.

"Waya umechomolewa, na siurudishi," nikamwambia. "Nimechoka, Mzee. Nimechoka na gari, nimechoka na wewe, nimechoka na kila kitu."

Sikuwahi kumwambia hivyo miaka yote ya ndoa yetu. Mdomo wake ukahangaika.

"Najua," akasema. Halafu, "Mimi pia."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda.

Baada ya arobaini ya mama yake, yule dereva wa lori akaja, akaniamkia, akasimama mlangoni akishikashika kofia yake.

"Mwalimu, Jumamosi sina safari. Niazime ufunguo, tumtoe Mzee kidogo hadi Ujiji. Na betri ipate moto."

Betri ilikuwa haina kitu. Alilisogeza lori lake hadi getini, akaurudisha ule waya wa hasi, akaunganisha nyaya kutoka betri moja ya lori hadi yetu, na gari letu likawaka kwa kukohoa. Mume wangu tulimbeba sisi watatu, dereva, mimi na mdogo wangu, tukamkalisha kiti cha mbele, tukamfunga mkanda. Ilituchukua karibu nusu saa, na jasho. Mimi nikaketi nyuma. Walipoanza kuzungumza Kiha, polepole, dereva akisubiri kila neno limalizike, nikaegemeza kichwa kwenye kioo.

Nilisinzia kabla hatujapita soko la Mwanga. Ujiji sikuiona. Niliambiwa baadaye kwamba walisimama ufukweni, wakafungua vioo, wakatazama wanawake wakianua dagaa, na mume wangu akacheka mara moja kwa jambo ambalo hakuna aliyeweza kunieleza vizuri. Nilizinduka tukiwa tumerudi nyumbani, Gungu, shingo imekakamaa, nimefunikwa koti la mtu. Hakuna aliyeniamsha.