Bi Hortensia, Mkaguzi wa Mabakuli

Mimi mbwa siwapendi, niseme mapema. Mke wangu alipofariki nilibaki na kibanda changu cha kushona viatu, mkabala na makao ya mbwa ya Mama Chayo, na kutwa nzima nagonga misumari huku wakinibwekea. Lakini Bi Hortensia Balcázar nampenda, tena sana, na habari zake hazisimuliki bila mbwa.

Kazi yake ni kukagua makao ya wanyama ya jiji zima la Mexico. Hushuka kituo cha treni na mkoba wake mkubwa, akaja kwetu mlimani uso umekunjamana kama aliyeng'ata ndimu. Kahawa hanywi, tamale zetu za unga wa mahindi hali. Anachutama, anapitisha kidole ndani ya bakuli, anakinusa. Kule bondeni aliwahi kufunga makao ambayo mbwa walilala njaa, na mwenye makao akamwita mchawi hadharani. Kwa watu ni mkali. Kwa mbwa ni mtu mwingine kabisa. Mfukoni hakosi ngozi ya kuku, na akidhani hakuna anayemwona huwagawia huku akiwaita "wanangu."

"Si uchukue mmoja, Bi Hortensia," nilimtania siku moja. "Unaishi peke yako, unaongea na kuta."

"Nikichukua mmoja nitawachukua wote, Fundi Nabor. Shona viatu."

Mama Chayo aliruhusiwa mbwa arobaini. Tatizo ni moyo wake: mtu akirusha kitoto cha mbwa juu ya ukuta wake, yeye hukipokea. Desemba Bi Hortensia alimwambia wazi. "Wakibanana wanaumana, wanaambukizana. Nikikuta wamezidi tena, nafunga." Na makao yakifungwa, mbwa hupelekwa kwenye mabanda ya jiji, ambako mbwa mzee hadumu. Mama Chayo alikuja kulilia kibandani kwangu.

Siku ya Mtakatifu Antonio, mwezi wa Januari, tukamwona mkaguzi anapanda mlima. Na mbwa walikuwa wamezidi. Siku hiyo mtaa mzima huwa kwenye uwanja wa kanisa kungoja wanyama wabarikiwe, kuku wamevaa sketi, mbuzi wana kofia. Wazo lilikuwa langu, nakiri kwa fahari: waliozidi tuwavishe, tuwaingize kwenye foleni, kila jirani na mbwa wake. Mimi nilipewa Pelusa, jike jeusi lenye kelele, nikamvisha kofia ya ubatizo ya mjukuu wangu. Canelo, mzee mwenye jicho moja, hakuna aliyemtaka hata kwa saa moja. Mama Chayo akamfungia jikoni kwake.

Bi Hortensia alihesabu, akakuta arobaini kamili na mabakuli safi. Akatoka ameridhika, akapita mbele ya kanisa.

Tulikuwa tumesahau ngozi za kuku.

Pelusa ndiye aliyeanza. Alinivuta nusura nianguke kifudifudi, na nyuma yake foleni nzima ikavurugika. Mbwa wenye riboni, mbwa wenye sketi, wote wakamrukia mkaguzi, wakamlamba mikono, wakamtia pua mfukoni. Matarumbeta ya bendi ya kanisa yakanyamaza. Mama Chayo akaketi chini palepale.

"Kumbe," alisema Bi Hortensia.

Sasa Padri Eleuterio ana kawaida yake: hanyunyizi maji mpaka aulize, mbele ya sanamu ya mtakatifu, mnyama ni wa nani, na mwenyewe ajibu kwa sauti. Bi Hortensia akaenda kusimama kando yake, mikono kifuani. "Endelea, Padri. Nami nataka kusikia."

"Huyu wa nani?" Padri akaniuliza.

Nikisema si wangu, makao yanafungwa. "Wangu," nikasema.

"Paza sauti, Fundi. Mtakatifu ni mzee," mkaguzi akanichokoza.

"Wangu!"

Ikawa wangu, wangu, wangu, foleni nzima, hata muuza nyama ambaye kila siku huwarushia mawe.

"Vizuri," akasema Bi Hortensia. "Wa kwenu walale kwenu. Nitapita kukagua mabakuli."

Hapo ndipo Canelo alipotokea. Alikuwa ametoroka kupitia dirisha la jikoni, sijui kwa nguvu zipi, akaja polepole, hajavishwa kitu, hana wa kumshika. Akaketi juu ya viatu vya Bi Hortensia.

"Na huyu?" Padri akauliza.

Mama Chayo alifungua mdomo, lakini akisema ni wake, huyo ni wa arobaini na moja.

"Chayo, nyamaza," alisema Bi Hortensia. Akavua mtandio wake, akamfunga Canelo shingoni. "Ni wangu, Padri. Mnyunyizie vizuri, ananuka."

Watu wakapiga makofi. Mimi nililia, na sioni haya kusema.

Mwezi uliofuata alibisha hodi kwangu, Canelo yuko naye kwa kamba. Akapitisha kidole kwenye bakuli la Pelusa.

"Maji ya jana haya, Nabor."

"Na bakuli la Canelo linakaguliwa na nani?"

Akafuta kidole kwenye mkoba wake. Tangu nimjue sijasikia amekaribisha mtu nyumbani kwake.

"Basi njoo wewe," akasema akimtazama mbwa. "Jumapili. Na Pelusa aje."

Nilikwenda nimenyoa ndevu. Bakuli lilikuwa safi, maji ya asubuhi ileile. Mezani palikuwa na vikombe viwili.