Kanda Iliyokatika Kwenye Shimo la Mwisho

Sisi tuliokulia Ghulail, hapa Jedda, tulicheza gofu kabla nchi hii haijaota hata jani moja la kuichezea. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimechoka. Nimechoka na Faiz na Haitham, watoto wa dada yangu Zuhura, ambao kila wakija kwangu kula chakula cha mchana huniletea gofu mezani kana kwamba wao ndio walioileta Arabuni. Mchezaji gani kahama ligi, nani kafuata fedha, uwanja gani mgumu zaidi, wa Riyadh au ule wa pwani kaskazini ya Jedda. Hupigiana kelele mpaka wali unapoa. Ukiwauliza lini walishika fimbo, wanakuonyesha simu. Wanaicheza, wanasema, kwenye simu. Gofu ya dole gumba!

Baba yetu alikuwa dereva wa basi la kampaundi moja ya wageni, nje ya mji. Wageni wale walikuwa na uwanja wa mchanga mtupu. Kila mchezaji alitembea na kipande cha zulia la kijani, kadiri ya mkeka wa mlangoni. Mpira ukianguka anakitandika, anauweka juu yake, anapiga, anakiokota, anaendelea na safari yake. Pale penye shimo mchanga ulimwagiwa mafuta mpaka ukawa mweusi na kushikamana, na aliyemaliza aliburuta kifagio kufuta nyayo zake. Baba alikuwa akisubiri abiria kwenye kivuli cha basi, akitazama. Alitazama muda mrefu bila kuelewa kitu. Halafu siku moja akaelewa, na toka hapo raha ikatutoka nyumbani.

Alitueleza mimi na Zuhura, nasi tukajenga uwanja wetu kichochoroni nyuma ya nyumba. Fimbo ilikuwa mpini wa ufagio wa Mama, tuliofungia kipande cha bomba kilichopinda. Mpira tuliung'oa kwenye kichupa cha marashi ya kwapani, ile gololi inayobiringika mdomoni mwake. Ulitunukisha mikono waridi siku nzima, hata ukila mkate unakula waridi. Shimo lilikuwa kopo la tungule tulilolifukia. Tulicheza baada ya laasiri, jua limelegea kidogo, harufu ya mkate wa tamis inatoka kwenye tanuri la Mwafghani pale pembeni, na watoto wa Kichadi, wa Kiyemeni na wa Kihausa wanangoja zamu kwa foleni. Magoti yote yamechubuka. Mama alikuwa akifungua dirisha:

"Zuhura! Ufagio nimeununua nifagilie, si mpigie gololi!"

Nani leo anapigiwa kelele dirishani? Siku hizi mama anamwandikia mwanawe ujumbe, na mwana yumo chumba cha pili.

Kisha ikaja ile kanda. Mgeni mmoja aliyekuwa akirejea kwao alimpa Baba kanda ya video ya mashindano makubwa ya wachezaji wa kulipwa. Baba aliibeba kifuani kama mtoto mchanga. Ijumaa ile ile, baada ya sala, sebule yetu ilijaa. Mama amepika biriani, birika la chai ya maziwa limezunguka na kurudi tupu, deki imefutwa vumbi. Sote tukayaona majani kwa mara ya kwanza. Majani mpaka upeo wa macho! Zuhura aliuliza ni nani anayeyamwagilia.

Mtangazaji alisema Kiingereza kitupu, hatukujua jina la mtu, tukawapa majina wenyewe. Mwenye kofia ya manjano tukamwita Kofia. Mwenzake tukamwita Mrefu. Kwa macho yetu walikwenda sambamba mpaka shimo la mwisho, lenye ziwa na daraja la mawe. Kofia akainama juu ya mpira, akapima, akaupiga, mpira ukaanza kubiringika kuelekea shimo… na kioo kikajaa chenga. Kanda imekwisha!

"Umeingia," alisema Baba.

"Haukuingia," alisema Mjomba Suleiman.

Mjomba Suleiman alikuwa kaka yake Mama, muuza viatu Kandara, karibu na kituo cha zamani cha mabasi. Yeye na Baba walikuwa chanda na pete. Walivaa kanzu za fundi mmoja, walinunua samaki pamoja. Basi Ijumaa baada ya Ijumaa wakairejesha kanda ile, wakaisimamisha, wakasogelea kioo mpaka pua zikagusa. Baba alisema mpira ulikuwa na kasi nzuri, Kofia ameshinda. Mjomba alisema mpira ulishaanza kwenda kombo, Kofia kakosa, ushindi ni wa Mrefu. Majirani waligawanyika. Myemeni wa dukani alikuwa upande wa Baba, na alimpimia Mjomba sukari kwa uso mkavu.

Mama alikuwa akisema, "Mchezo hamuuchezi, nchi hamwijui, mtu mwenyewe hata jina lake hamulijui. Mnagombania nini?"

Angesikilizwa, nisingekuwa naandika haya. Ijumaa moja mabishano yalipanda, na Mjomba akasema mbele ya watu wote, "Weye dereva tu. Gofu umeiona kwenye kioo cha basi. Unajua nini?"

Baba aliweka chini kikombe chake taratibu.

"Suleiman," alisema, "toka kwangu."

Na Mjomba akatoka. Haukupita muda kafili wake, Msaudi aliyemdhamini, akahamishia biashara Riyadh, na ikama ya Mjomba, kibali chake cha ukaazi, ikahama na kafili. Aliondoka bila kuja kuaga. Tangu hapo wawili wale walikutana harusini na misibani tu, wakisalimiana kwa ncha za vidole. Kila Idi Mama alimpigia simu kaka yake kutoka jikoni, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba. Mama alipofariki, Mjomba alikuja. Baba alikaa mwisho huu wa jamvi, Mjomba mwisho ule, na mimi nikipita na kahawa katikati yao nilitamani kuwamwagia wote wawili.

Msimu wa baridi uliopita, Faiz na Haitham wakapata tiketi za mashindano ya Riyadh. Walipokuwa wakijisifu mezani, Baba, ambaye sasa miguu haimtii vizuri na siku nyingi hasemi kitu, aliinua kichwa.

"Yapo majani huko?"

"Mengi, Babu," alisema Haitham.

"Nataka kuyaona."

Nikampigia Mjomba. Alikuwa akiishi Manfuha, mtaa wa Riyadh, kwenye nyumba ya zamani, peke yake baada ya binti zake kuolewa.

"Shikamoo, Mjomba. Tunakuja Riyadh kwenye gofu."

"Marahaba, mwanangu. Na yeye anakuja?"

"Anakuja."

"Nipitieni," alisema.

Sitaki kuikumbuka safari ile. Jangwa lote lile, na vijana wawili mbele wakibishana kama mchezaji mmoja wa Kiingereza kazeeka au hajazeeka! Baba alilala, au alijifanya kalala. Mjomba alipoingia garini asubuhi ya pili, salamu ilikuwa ya ncha za vidole. Akakaa kushoto kwangu, Baba kulia kwangu. Nikawa mimi ndilo jamvi.

Uwanjani kulikuwa na majani kweli, yamekatwa kama zulia jipya. Baba aliinama kwa shida akayagusa, kisha akanusa vidole vyake. Mjomba alimtazama. Wachezaji walipita na watu walipiga makofi, na mabingwa wangu wa simu, namaanisha Faiz na Haitham, hawakuwaona kwa sababu walikuwa wakijipiga picha.

Haitham ndiye aliyeuliza. Hadithi ya kanda alikuwa ameisikia kwa Zuhura tangu mdogo.

"Babu, ile gofu yenu ilikuwaje hasa? Kofia ya manjano, ziwa, na nini tena?"

"Daraja la mawe," alisema Baba.

"Ziwa lilikuwa kushoto," alisema Mjomba. Ndilo neno la kwanza alilozungumza na Baba baada ya miaka mingi.

Mtoto akabonyeza, akabonyeza, na kabla sijamwambia subiri kwanza, alikuwa ameshaipata video na kutugeuzia simu. Kofia yule yule! Akainama, akapima, akaupiga. Mpira ukabiringika, ukapita kando ya shimo kwa upana wa dole. Watu wakaguna. Kofia akasogea, akausukuma ndani polepole, akavua kofia yake, na watu wote wakainuka kumpigia makofi.

"Haukuingia," alisema Haitham, "lakini kashinda vilevile. Alikuwa mbele kwa mipigo miwili. Hata haukuwa na maana mpira ule."

Haukuwa na maana! Nilisimama pale juani nikitafuta mtu wa kumpiga. Mama yangu amenong'ona jikoni Idi zote zile kwa mpira usiokuwa na maana.

"Nilisema kashinda," alisema Baba.

"Nami nilisema haukuingia," alisema Mjomba.

Wakatazamana. Nikajua sasa wataanza upya.

"Shemeji," alisema Mjomba, "siku ile nilikwambia weye dereva tu."

"Uliniambia."

"Na mie nilikuwa muuza viatu."

"Vibaya," alisema Baba. "Soli zilikuwa zinabanduka."

Mjomba alicheka kwanza. Baba alimshika mkono kwa sababu ya miguu yake, au ndivyo atakavyosema ukimwuliza, na wakaanza kutembea kandokando ya kamba, polepole mno, wakiwazuia watu njia. Mlinzi mmoja kijana aliwaomba wasogee. Hawakumsikia. Walikuwa wanabishana kama majani yale yanamwagiliwa asubuhi au jioni.

Siku hizi Faiz na Haitham wanagombana saa ya mchana na ikifika laasiri wameshasahau walichogombania; simu imewapa jibu, halas. Sisi hatukuwa na wa kutupa jibu, tukakaa na ugomvi mmoja mpaka nywele zikawa nyeupe. Sijui lipi baya zaidi. Naikumbuka sebule ile iliyojaa, chai ya maziwa, watu wazima wakigusa kioo kwa pua, na najua hakuna simu itakayonirejeshea hayo. Lakini ningetoa sebule ile na kila kilichomo, Mama awe amesimama nami pale Riyadh, awaone wanaume wake wawili wameshikana mkono kwenye majani ya watu, awapigie kelele wawapishe wenzao.