Cherehani Iliyogeuzwa Televisheni

Shemeji yangu Saulo Kalinga ndiye mtu wa kwanza kumiliki televisheni kijijini Nyololo, na hadi leo hachoki kulitangaza hilo. Asichokitangaza ni kwamba mwaka ule wa 1978 Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Ukiiwasha ilionyesha chenga na kukoroma, basi.

Angekuwa mjinga ningemsamehe. Lakini Saulo alikuwa na darasa la nane na mwandiko mzuri. Alipata kuwa karani wa kiwanda cha mbao, akafukuzwa kwa kumfundisha meneja kazi, na tangu siku hiyo akawa mtu wa mipango. Mipango yenyewe ilifanyika barazani, kwenye kiti cha kulalia. Chakula kilitoka kwa dada yangu Severina, mke wake, na cherehani ya miguu aliyoinunua kwa pareto yake mwenyewe kabla hajaolewa.

Septemba, lori la dereva mmoja Mzambia aitwaye Yotamu likaharibika mbele ya nyumba yao, likakaa siku tatu. Ndani yake mlikuwa na televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari, pamoja na kisanduku cha plastiki chenye nyaya na vidude viwili vya kuzungusha. Ukiviunganisha, kwenye kioo vilitokea vijiti viwili vyeupe, kimoja huku na kimoja kule, na nukta ikirukaruka katikati. Unazungusha kidude, kijiti chako kinapanda na kushuka kuizuia nukta. Ikikupita, umefungwa. Wa kwanza kufikisha mabao kumi na tano ndiye mshindi. Huo ndio ufundi wote uliomtoa shemeji yangu akili.

Yotamu alimsimulia kuwa Amerika makampuni makubwa yanagombania soko la visanduku hivyo, na kwamba kwenye baa za kwao Ndola watu wanapanga foleni. Hakumsimulia niliyokuja kuyasikia kwa dereva mwingine: makampuni hayo yalikwisha kutoa visanduku vipya, unabadilisha mchezo kama unavyobadilisha kaseti, na hivi vya zamani vilikuwa vinauzwa bei ya kutupa. Cha Saulo kilikuwa na mchezo mmoja hadi kiama. Yotamu alitaka cherehani kwa ajili ya mke wake, na Saulo akakubali kubadilishana kabla hajamuuliza mwenye cherehani.

Severina alikataa siku mbili. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi pale pale, na wiki ile ile nilikuwa nimempelekea vitambaa vya sare za watoto themanini, kama kila mwaka. Saulo akaapa mbele yangu kwamba kabla shule hazijafunguliwa Januari, mashine yake itakuwa imemnunulia mkewe cherehani mpya. Siku ya tatu dada akaacha kubisha. Aliyeibeba cherehani hadi kwenye lori ni mimi. Sina la kujitetea. Nami nilitaka kuiona ile nukta.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Leokadia, mjane aliyeuza pombe ya komoni. Uani kwake palikuwa na mabenchi na mbao tatu za drafti, vizibo vya soda ndizo kete, na mtu alicheza bure hadi achoke. Saulo alimcheka kwa hilo. Alisema mama yule hajui biashara, anagawa mchezo. Hakujiuliza ni kwa nini wachezaji drafti wa Nyololo walikuwa na kiu kuliko watu wote wa wilaya.

Mwezi wake wa kwanza wa biashara Saulo alishinda, lazima niseme. Madereva, wapasua mbao, hata katekista, wote walihamia kwake, na komoni ya Leokadia ikachacha ndani ya mapipa. Saulo akanunua kofia. Akaandika masharti mlangoni kwa chaki: pombe marufuku, kutema mate marufuku, anayekaa atoe shilingi moja. Na kwa kuwa watu walizoea drafti, akaandika na sharti la drafti, kwamba anayefungwa anainuka na mshindi anabaki bila kulipa tena. Alinieleza kwa sauti ya mhadhiri kwamba huo ndio mkakati: kila aliyefungwa atatamani kurudi, na kila kurudi ni shilingi.

Halafu akaja Nkuba. Huyu alikuwa Msukuma wa Usangu, mpole, aliyeleta madume ya ng'ombe kuwauzia wachinjaji. Alitoa shilingi yake moja asubuhi, akakaa. Hadi jioni alikuwa hajainuka. Kesho yake vivyo hivyo. Kila aliyemkabili alifungwa, na baada ya siku nne hakuna aliyetaka kutupa shilingi. Wakawa wanakwenda kumsubiri Nkuba achoke, na mahali pa kusubiria palikuwa kwa Leokadia.

Leokadia hakuwa na kofia, lakini alikuwa na macho. Alimpa Nkuba zizi la kulaza ng'ombe zake bure, na ugali mchana, akimsihi asiwe na haraka ya kurudi Usangu. Kisha akasogeza mabenchi hadi ukingo wa barabara, yakitazamana na dirisha la Saulo. Watu wakaangalia televisheni ya Saulo huku wakinywa komoni ya Leokadia. Betri ilipokwisha, Saulo ndiye aliyeipeleka mjini Makambako kuchaji, kwa gharama yake, ili wateja wa Leokadia wasikose burudani.

Nilimshauri afute lile sharti. Alikataa, kwa kuwa aliliandika mwenyewe. Mwishoni mwa Novemba, hali ilipombana, alijaribu kumwinua Nkuba kwa maneno, na benchi zima likamzomea kwamba mshindi haondolewi, huo ni wizi. Wakamwambia kama anataka kiti chake, akishindanie.

Hapa kuna jambo ambalo Saulo hakulijua. Mchana yeye akilala na Nkuba akienda kula kwa Leokadia, dada yangu alikuwa akifunga dirisha, akiuwasha mchezo na kucheza nami, na sikupata kumfunga zaidi ya mabao matatu. Mkono wake ulikuwa umezungusha gurudumu la cherehani miaka kumi. Nkuba aliwahi kurudi mapema siku mbili, na siku zote mbili Severina alimfunga, kisha akarudi jikoni bila kumwambia mtu.

Basi siku ile, watu wamejaa hadi dirishani, dada akatoka jikoni, akapangusa mikono.

"Baba Roza," alimwambia mumewe, "niachie nikae mimi."

Nkuba akacheka, akaanza kuinuka. "Huyu mama namwogopa," alisema.

Ingetosha. Nkuba angekwenda zake, watu wangerudi, na kungekuwa na mwezi mzima kabla ya Januari. Saulo alichofanya ni kutazama kwanza ng'ambo, kuona kama Leokadia anasikia. Alikuwa anasikia.

"Mwanamke hatanishindia mimi kiti changu," alisema, akakaa mwenyewe. Alifungwa kumi na tano kwa mawili. Nkuba alimpa pole, akamwambia kosa lake ni kuitazama nukta. Atazame inakotaka kutokea, kama mtu anavyomzuia ndama mlangoni mwa zizi. Saulo akazima televisheni mbele ya watu wote. Hawakukasirika. Walivuka barabara.

Hakuiwasha tena. Desemba alirudi kwenye kiti cha kulalia, akieleza kila apitaye kwamba watu wa Nyololo hawajaendelea. Leokadia alikuja kumuuliza kama anauza. Televisheni hakuitaka, wala kisanduku. Alitaka meza iliyokuwa chini ya televisheni, apate pa kuweka ubao wa nne wa drafti.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa nilikwenda kuchukua vitambaa nivipeleke kwa fundi wa Makambako. Niliona haya, nikasimama mlangoni kama mgeni. Saulo akaniambia nisiwe na wasiwasi, ana mpango. Severina aliingia chumbani, akatoka na mafurushi.

Nilitegemea majora yale yale ya vitambaa. Alikuwa amekwisha kata sare zote themanini, tangu Septemba, mashati na kaptura na sketi, kila moja imeviringishwa na kufungwa kwa uzi, na jina la mtoto kwa chaki. Zilikuwa zinangoja cherehani tu.

"Mwambie huyo fundi asipunguze pindo," alisema dada yangu. "Nimeliacha refu makusudi. Watoto wanakua."