Somo la Anatomia Kwenye Reli za Kolwezi

Shule yetu ya uuguzi ilipokufa, nilikuwa nimebakiza anatomia. Nasema ilikufa kwa sababu hakuna aliyeifunga. Walimu wengi walikuwa watu wa Kasai, na watu wa Kasai, jimbo la jirani, walikuwa wakifukuzwa na watu wetu wa Katanga hapa Kolwezi mtaa kwa mtaa, hata wale waliozaliwa hapa hapa, ambao baba zao walizeeka wakichimba shaba. Asubuhi moja tulikaa darasani tukingoja, na hakuna mwalimu aliyeingia. Jua lilipopanda tukarudi nyumbani.

Migodi nayo ilikuwa ikinyamaza, mashine moja baada ya nyingine. Kule hospitali nilikokuwa nasaidia, rafu za dawa zilibaki na vumbi. Mtu alikuja analia kwa maumivu, nasi tukampa maji ya moto na neno la pole.

Ndipo nikamwona mtawa mmoja wa kike aliyetoka Asia, daktari, akitibu kwa sindano nyembamba kama unywele, zisizo na dawa ndani. Aliletewa dereva wa lori aliyekuwa amekunjamana kiuno, hawezi kunyooka. Mtawa akamchoma sindano chache, akamwacha alale kidogo, na dereva akatoka akitembea mwenyewe, polepole, akijishika ukuta. Nilisimama mlangoni mpaka mtawa akaniuliza kama mimi pia naumwa.

Nikasikia kwamba atafundisha kazi hiyo kwenye zahanati ya parokia. Nikaenda kuomba nafasi. Akanieleza masharti yake kwa Kiswahili chake cha taratibu. Anayeingia lazima awe amemaliza masomo ya msingi ya uuguzi: usafi, utunzaji wa wagonjwa, fiziolojia na anatomia. Kila somo lilikuwa na krediti zake, na zote zilitakiwa ziwe zimepatikana. Baada ya hapo ndipo mafunzo ya sindano yangeanza, kisha kazi ya mikono mbele ya macho yake. Nikamwambia ninazo zote isipokuwa anatomia. Nikaomba niingie, hiyo niimalize baadaye.

"Hapana," akasema. "Ukichoma kifua bila kujua, unatoboa pafu. Mi sikupe sindano kama haujue kiko nini chini ya ngozi."

Niliudhika njia nzima, lakini nilijua alisema kweli.

Nyumbani nilimwambia baba kwamba mwalimu wangu wa anatomia bado yuko mjini, kwenye gare, yaani stesheni, pamoja na wote wanaongojea treni ya kwenda Kasai. Baba, karani wa mgodi aliyetoka kaskazini mwa Katanga, aliacha kula. Hakuwachukia watu wale, aliogopa. Jirani yetu alikuwa amepeleka maji kule, mlango wake ukapigwa mawe. Baba akaniambia ningoje nchi itulie. Asubuhi mama alinipa bakuli la bukari, ugali wetu, na samaki, lililofungwa kwa kitambaa, akaniambia, "Kama unaenda, usiende mikono bule."

Familia zilikuwa zimelala kandokando ya reli, kati ya magodoro, cherehani, na hata milango ambayo watu waliing'oa kwenye nyumba zao wenyewe. Nilimkuta mwalimu amevaa shati jeupe, ananyoa ndevu mbele ya kipande cha kioo alichokiegemeza kwenye behewa bovu. Mke wake alikuwa amelala kwenye mkeka. Mgongo ulikuwa umemkataa tangu siku waliyobeba vitu vyao kukimbia.

Mwalimu alipokea chakula kwa mikono miwili. Kueleza shida yangu kulinitoa jasho. Watu wa kwetu ndio waliomfukuza, nami nilikuja kumwomba anifundishe. Alifuta sabuni shavuni, kisha akauliza, "Tuliachia wapi?"

"Kwa mifupa ya mukono, malimu."

"Basi ikala," akasema, nami nikakaa chini.

Tangu hapo nilienda kila alasiri. Alichora kwa mkaa kwenye ubavu wa behewa: mifupa, misuli, mishipa ya damu, neva. Watu waliochoka kungoja walisogea kusikiliza. Watoto walijifunza majina ya mifupa kwa Kifaransa wakayaimba. Mzee mmoja aliomba aonyeshwe njaa inakaa wapi, mwalimu akamchorea tumbo lote kwa heshima, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Siku moja vijana wa mjini walikuja wakaniuliza ninatafuta nini kwa watu hawa, wakafuta michoro kwa matope. Kesho yake mwalimu alichora upande wa pili wa behewa.

Hakunionea huruma. Nilipokosea njia ya neva ya mguu, alinifanya niifuate kwa kidole kwenye mguu wangu mwenyewe, kutoka tako hadi kisigino, mpaka nikaijua.

Lakini nani angethibitisha kwamba nimejifunza? Shule haikuwepo tena. Nilimweleza mtawa, naye akabeba mkoba wake, tukaenda pamoja. Mwalimu alimsalimu kwa jina tunalowaita watawa, akasema, "Masere, mi sina muhuri, na shule haiko. Umuulize yeye mwenyewe."

Mtawa akaomba ruhusa kwa mke wa mwalimu, tukapiga magoti kando ya mkeka. Akaniuliza nyuma ya goti kunapita nini. Nikasema ateri, vena na neva. Akaniuliza pafu linaishia wapi mgongoni. Nikaonyesha. Akauliza figo ipi iko chini zaidi. Nikajibu ya kushoto. Mwalimu alifumba macho, lakini hakuninong'oneza. Nikafikiri tena, nikakumbuka ini linavyoisukuma figo ya kuume, nikajisahihisha.

"Anatomia imepita," mtawa akasema. "Darasa liko siku ya kwanza ya juma, Jumatatu."

Kisha akafungua sindano zake zilizochemshwa, akamtibu mama yule papo hapo. Alisinzia. Alipoamka alikaa mwenyewe, akaomba kitana.

Treni yao ilikuja nikiwa darasani. Sikuwaaga. Jambo hilo liliniuma kwa muda mrefu, kwa maana tulikuwa tukisikia kuhusu waliokufa njiani.

Mafunzo niliyamaliza, na ndiyo yaliyonilisha mimi na wazazi wangu wakati mishahara ya mgodi ilipokatika. Baba mwenyewe ndiye aliyeanza kuniletea wenzake wa ofisini, mmoja mmoja, huku akijifanya anapita tu.

Miaka kadhaa baadaye mfanyabiashara mmoja, Mwislamu aliyekuwa akisafirisha samaki wa chumvi, alinitafuta nyumbani na salamu. Mwalimu alikuwa katika mji wa Mwene-Ditu, huko Kasai, anafundisha sekondari. Mke wake alikuwa anauza mikate sokoni, na anatembea mwenyewe kwenda na kurudi. Mama alimkalisha mgeni, akamwomba aeleze yote tena tangu mwanzo, mara hii polepole, ili baba pia asikie.