Askari wa Udongo wa Nyali

Kaviha alipoanza kazi ya kufuta vumbi katika nyumba ile ya Nyali, alikataa katakata kuingia chumba cha Wachina. Wachina wenyewe hawakuwa watu. Walikuwa sanamu za udongo na za mawe, zimejaa rafuni hadi karibu na dari: wanawake wenye mashavu ya kushiba, farasi, ngamia, wazee wanene wanaocheka peke yao. Bwana mwenye nyumba alikuwa mtu wa forodha huko Uchina, na alipostaafu akaja nazo Mombasa. Alimweleza Kaviha kwa fahari kwamba nyingi zilifukuliwa makaburini. Mtu na akili zake afukue kaburi, apange vya marehemu rafuni, kisha anywe chai mbele yake! Kaviha alirudi kwake Kisauni akamwambia mumewe kwamba kazi hiyo imemshinda.

"Udongo ni udongo," akajibu Gershom, aliyekuwa seremala na mzee wa kanisa. "Futa vumbi, urudi nyumbani."

Basi akafuta. Miaka ikapita, akawazoea hata akawa anawakemea wale wazee wanene kwa kucheka ovyo.

Mwaka wa 1944 mwanawe wa pekee, Fondo, aliyekwenda vitani na jeshi la Mwingereza, akafia Bama, mbali huko Asia. Habari ilikuja peke yake, bila maiti, bila hata konzi ya mchanga wa kaburi. Kwa Wagiriama waliomzaa Kaviha, mtu hafi akaachwa hivi hivi. Huchongewa kigingi cha mti, kikasimikwa karibu na nyumba, kikafungwa kitambaa, ili koma wake, yaani roho yake, apate pa kukaa na pa kunyweshwa. Na kikishasimikwa haking'olewi. Gershom hakutaka kusikia. Jina la mtoto lilikwisha kusomwa kanisani, akasema, na hilo latosha. Kigingi uani kwa mzee wa kanisa? Si Kisauni nzima ingemcheka?

Lakini Fondo alikuwa akija ndotoni. "Mama, nanyeshewa," ndiyo maneno yake, hana mengine. Kaviha aliamka akilia, na mumewe kando yake hakugeuka.

Miongoni mwa Wachina alikuwapo askari kijana, urefu wake kama mkono toka kiwiko hadi vidole. Viganja vyake vilikutana kifuani kana kwamba vimeshika mkuki, na mkuki wenyewe ulikwisha oza zamani. Siku ya kuaga, Fondo alisimama vivyo hivyo, mikono kifuani, hajui aifanyie nini. Asubuhi moja Kaviha alichana utepe mwembamba kutoka shati kuukuu la mwanawe, la buluu, akamfunga yule askari kiunoni. Akamwekea kisahani cha maji yaliyotiwa unga kidogo.

"Fondo mwanangu, karibu," akanong'ona. "Hapa hapanyeshi."

Ndoto zikakoma. Kaviha alilia jikoni kwa furaha, mpishi akadhani ni vitunguu. Tangu siku hiyo alikwenda kazini kama mtu anayekwenda kwa mwanawe, akamsimulia habari za nyumbani huku akipangusa ngamia. Bwana macho yalikuwa yamekwisha kumfifia, hakuuona utepe.

Kisha bwana akafa. Memsahib, mjane wake, alikuwa anarudi Ulaya, na Wachina wote akawatoa zawadi. Makasha yaliletwa, na Kaviha akapewa kazi ya kuwafunga kwa nyasi kavu. Memsahib alimkuta amemshika yule askari mkononi.

"Kaviha, wewe nafanya kazi mzuri," akasema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Chukua kitu moja ya nyumba. Hata hii, kama wewe nataka."

Kaviha moyo ulimruka. Angesema neno moja tu, Fondo angekuwa wake.

"Na hawa wengine, memsahib, waenda wapi?"

"Nairobi. Nyumba ya ma-kum-bu-sho." Alilitamka taratibu, maana alikuwa amefundishwa juzi. "Watu mingi nakuja kila siku, natazama yeye. Hapana vunjika."

Kaviha hakuwahi kulisikia neno hilo, lakini Kiswahili ni chake, hakuhitaji mwalimu. Kukumbuka, kukumbusha, makumbusho: nyumba ya kukumbukia waliokufa. Kumbe Wazungu nao wanayo! Kumwondoa Fondo rafuni kulimtisha, lakini kuondoka ataondoka tu. Akimpeleka nyumbani, Gershom atamtupa shimoni. Huko Nairobi watu watakuja kumkumbuka kila siku, hata yeye mamake akiwa amekufa. Mama gani atamnyima mwanawe hayo?

"Nipe lile birika la chai, memsahib," akasema. Akamlaza Fondo kwenye nyasi kwa mikono yake mwenyewe, akamfunika.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, ndoto zikarudi. "Mama, nanyeshewa." Kaviha akamwendea Wafula, aliyekuwa vitani pamoja na Fondo na sasa yuko reli, Changamwe. Wafula alikuwa anakwenda Nairobi kikazi, na mfagiaji wa kule makumbusho alikuwa mtu wa kwao. Akakubali kwenda kumtazama.

Aliporudi alikuja Kisauni, akaketi, akashika kofia yake kwa mikono miwili.

"Nilimwona, mama."

"Wanammwagia maji?"

"Yuko ndani ya kabati la kioo, limefungwa. Hakuna anayemgusa."

"Na utepe wake?"

"Hana. Mfagiaji anasema walioshwa wote walipofika, na uchafu ukatupwa."

"Watu wakifika mbele yake, wasemaje?"

"Hawasemi kitu, mama. Wanatazama, wanapita. Pale ni mahali pa kuweka vitu vya zamani tu. Chini ya miguu yake kuna karatasi. Imeandikwa: askari wa kaburini, Uchina, jina halijulikani."

Angedanganya, Wafula, nani angemlaumu? Lakini hakujua kudanganya, akaaga akaenda zake.

Kaviha akajaza lile birika maji, akatia unga, akatoka uani mchana kweupe, majirani wakitazama. Akamwaga kidogo mlangoni, akamwaga kidogo kando ya ua. "Fondo!" akaita. "Fondo wa Gershom!" Hakujua amwage wapi, kwa maana hakukuwa na mahali.

Gershom akaacha randa yake, akaja, akamshika mkono. Kaviha akalikumbatia birika, akidhani atanyang'anywa.

"Mwagia hapa," Gershom akasema, akionyesha ukutani chini ya upenu. "Hapa hapanyeshi."

Kaviha akamkodolea macho.

"Hata mimi huniambia ananyeshewa," akasema mumewe. "Tangu mwaka ule."

Vumbi la mbao lilikuwa bado mikononi mwake. Kaviha aliitazama mikono ile, ambayo ingechonga kigingi kwa asubuhi moja. Akainama chini ya upenu, akamwaga maji yote yaliyobaki.